Klachi ya Triumph 650 ya zamani: ongeza pleti, usiongeze springi

Klachi ya Triumph 650, pikipiki ya Kiingereza ya cc 650, inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Utasikia ni nzito, inateleza ukivuta mafuta kupanda mlima, na asubuhi gia ya kwanza inaingia kwa kishindo cha kumwamsha jirani. Hayo hutokea, sikatai. Ila nilizozifungua mimi, karibu zote nilikuta ndani pleti zilizopinda, hausingi (ngoma inayobeba pleti) iliyochimbika na presha pleti (ile ya juu inayozibana) inayoyumba. Na juu ya maradhi hayo, kuna mtu alishaongeza springi ngumu akidhani anatibu.

Mwaka jana dada mmoja wa Unguja anayeishi Leicester aliniletea pikipiki yake, Triumph TR6. "Kaka, nikifika kwenye taa nyekundu naomba Mungu iwe kijani haraka," aliniambia, maana kushikilia leva kidogo tu kulimtia ganzi vidole. Nilipofungua nikakuta springi ngumu za mbio, presha pleti ya bati imejikunja upande mmoja, na kebo imebaki nyuzi chache kabla ya kukatika. Klachi ilikuwa haitelezi, kweli. Lakini pia ilikuwa haiachii, na kila aliposimama alilazimika kuitafuta nyutro kwa kupapasa.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mbele kabisa: klachi hii inyooshwe kwanza, iongezewe pleti baadaye, na springi zibaki za kiwango cha kiwandani. Ukifuata mpangilio huo utaivuta kwa vidole viwili, na haitateleza hata ukiwa na abiria nyuma.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry, kazi yangu ya mchana ni ufundi wa mabasi. Pikipiki yangu ni Bonneville T120 ya 1968, nyekundu na fedha. Ilitengenezwa Meriden, kijiji kilicho kati ya Coventry na Birmingham, ambako Triumph walihamia mwaka 1942 baada ya kiwanda chao cha mjini kuharibiwa na mabomu ya Wajerumani Novemba 1940. Kiwanda cha Meriden kilifungwa 1983 na mahali pake pamejengwa nyumba. Vipuri vyake, namshukuru Mungu, bado vinatengenezwa, na ndiyo maana mwongozo huu unaweza kumfaa yeyote mwenye moja ya pikipiki hizi, awe Uingereza au kwingineko.

Hakikisha kwanza ni ipi uliyo nayo

Ninachoeleza hapa ni 650 za kuanzia 1963, zile ambazo injini na giaboksi viko ndani ya kasha moja: Bonneville T120, Trophy TR6 na Thunderbird 6T. Namba ya injini ya nyingi kati ya hizo za miaka ya 60 inaanza na herufi DU. Klachi yake ina springi 3. Ukifungua ukakuta springi 4, una klachi ya zamani zaidi, na baadhi ya vipuri nitakavyovitaja havitaingia.

Jambo la pili ni oili. Mpaka modeli ya 1969, kasha la cheni upande wa kushoto lina oili yake lenyewe, tofauti na ya injini na tofauti na ya giaboksi. Kuanzia modeli ya 1970 injini ilianza kupumulia ndani ya kasha hilo, kwa hiyo oili inayolowesha klachi ni ileile ya injini. Hili litaamua utamimina nini mwishoni, kwa hiyo lijue mapema.

Mliozoea Boxer na TVS nyumbani mtaikuta klachi hii si ngeni: pleti nyingi, hausingi, senta klachi (kitovu cha ndani), presha pleti. Tofauti kubwa ni kwamba hapa gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto, na ndani ya senta klachi kuna raba za kupokea mshtuko. Na spana za milimita haziingii. Pikipiki ya 1968 ina mchanganyiko wa nati za vipimo vya zamani vya Kiingereza na zile za vipimo vya Kimarekani vilivyokuwa vinaingia wakati huo, kwa hiyo jaribu spana kwa mkono kabla ya kuitia nguvu.

Kwa nini pleti saba

Klachi ya kiwandani ina pleti 6 zenye bitana ya msuguano, na kati yake pleti za chuma tupu. Uwezo wa klachi kushika unategemea nguvu ya springi, ukali wa bitana, ukubwa wa duara, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Duara huwezi kulibadilisha. Bitana za siku hizi ni nzuri kuliko za zamani, lakini tofauti yake ina kikomo. Springi tumeshaona madhara yake. Kinachobaki ni nyuso. Seti ya pleti 7 ina pleti nyembamba zaidi, hivyo zinaenea ndani ya hausingi ileile, na ukitoka 6 kwenda 7 unapata nguvu ya kushika zaidi kwa karibu asilimia 17 bila kugusa springi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama, na naomba utulie nami kidogo. Ukivuta leva, presha pleti inainuka kiasi kilekile, uwe na pleti 6 au 7, kwa sababu kiasi hicho kinaamuliwa na gololi 3 zinazopanda kwenye miinuko yake ndani ya kifuniko cha giaboksi. Nafasi hiyohiyo ndogo sasa inagawanywa kwa pleti nyingi zaidi. Kila pleti inapata mwanya mwembamba kuliko zamani. Kama presha pleti inainuka upande mmoja na upande mwingine inabaki nyuma, pleti za upande ule hazitaachana, na klachi mpya uliyoinunua kwa pesa nyingi itakuwa mbaya kuliko ile uliyoitoa. Ndiyo maana ninanunua presha pleti ya aluminiamu iliyochongwa kwa mashine. Ile ya bati iliyokandamizwa kiwandani hupinda kwa miaka, na kuinyoosha kwa nyundo sijawahi kuona kukifaulu.

Kuhusu kuweka mkanda wa mpira badala ya cheni ya praimari (ile inayotoka injini kwenda klachi), nitasema kwa ufupi: ni kitu kizuri kwenye pikipiki ya mbio, ila unabadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwa mtu anayeendesha barabarani tu cheni ya praimari ya Triumph, ambayo ni ya safu mbili, inatosha kabisa.

Vya kununua ni hivi: seti ya pleti 7, presha pleti ya aluminiamu, springi 3 mpya za kiwango cha kawaida pamoja na nati na vikombe vyake, raba za senta klachi, roli 20 za hausingi na washa yake, sili ya oili inayokaa nyuma ya klachi, gasketi ya kifuniko, washa za kukunja, na kebo mpya yenye bitana ya nailoni. Cheni inunue kama ile ya zamani imelegea hadi kirekebishio kimefika mwisho. Utahitaji pia pula (kifaa cha kuvutia) ya senta klachi, ile inayoingia kwenye nyuzi za ndani; usianze kazi bila hiyo.

Vifaa viwili vya kujitengenezea

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi Meriden ujana wake, ndiye aliyenionyesha vifaa hivi. Cha kwanza ni bisibisi ya meno mawili. Nati za springi za klachi ni za mviringo, zina mfereji juu, na katikati yake inapita stadi (bolti isiyo na kichwa), kwa hiyo bisibisi ya kawaida inagonga stadi na kuruka. Chukua bisibisi pana ya zamani, ikate katikati kwa tupa mpaka ibaki na meno mawili yanayoweza kukaa kila upande wa stadi. Ni kazi ya muda mfupi na itakutumikia maisha.

Cha pili ni cha kufungia klachi isizunguke. Chukua pleti moja ya zamani yenye bitana na moja ya chuma tupu, zibane pamoja, zitoboe na kuzifunga kwa bolti au kuzichomelea. Ukizichomeka ndani ya hausingi, meno ya nje yanashika hausingi na meno ya ndani yanashika senta klachi, basi vitu viwili hivyo vinakuwa kitu kimoja. Wapo wanaokwamisha cheni kwa kipande cha mti au bisibisi. Tafadhali usifanye hivyo. Meno ya sproketi na kasha la aluminiamu ndivyo vitakavyolipa.

Kufungua

Toa waya wa betri kwanza. Kumbuka pikipiki hizi waya unaokwenda kwenye bodi ni ule wa chanya, si hasi. Weka karai chini, mwaga oili ya kasha la cheni, toa sehemu ya kukanyagia mguu wa kushoto, legeza fimbo ya breki ili pedeli ishuke ipishe kifuniko. Toa skrubu na nati zenye kofia zinazoshika kifuniko. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila skrubu ichomeke mahali pake. Kifuniko kikigoma, kigonge pembeni kwa nyundo ya plastiki, wala usiingize bisibisi kwenye maungio, kwa sababu kovu lolote hapo litavuja oili miaka yote.

Kabla hujagusa chochote, vuta leva, mtu mwingine apige kiki taratibu kwa mkono, wewe angalia presha pleti ikizunguka. Ikiyumba utaiona waziwazi. Hili ni muhimu ulione kwa macho yako, uwe na cha kulinganisha baadaye.

Sasa nati za springi. Kila nati ina kijinundu kidogo chini ya kichwa, nacho kinanasa kwenye ncha ya springi ili nati isijifungue yenyewe. Ukizungusha tu, itakwaruza na kugoma. Ingiza ncha ya kisu chembamba chini ya kichwa cha nati, isukume springi ndani kidogo, na hapohapo zungusha bisibisi yako ya meno mawili. Mkono mmoja kisu, mkono mmoja bisibisi. Ukishaizoea ni kazi nyepesi. Zikitoka zote tatu, presha pleti, springi na vikombe vyake vinatoka pamoja.

Pleti zitoe kwa ndoano mbili za waya. Usizipulize kwa hewa ya kompresa na usizisugue kwa msasa mkavu. Bitana za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Zifute kwa kitambaa chenye majimaji, zifunge kwenye mfuko.

Ingiza kile kifaa cha kufungia, weka gia ya nne, rudisha nati ya fimbo ya breki, na msaidizi akanyage breki ya nyuma. Sasa injini, cheni na klachi vyote vimejifunga. Nyoosha washa ya kukunja, legeza nati ya mwisho wa kranki inayoshika rota ya altaneta (sumaku inayozunguka kuzalisha umeme), kisha nati ya katikati ya klachi. Pushirodi, ile fimbo nyembamba inayopita ndani ya shafti ya giaboksi, ivute nje uikague. Ncha zake zimekomazwa kwa moto. Zikiwa zimesagika au zimebadilika rangi kuwa bluu, nunua nyingine. Ivingirishe juu ya kioo uone kama imenyooka.

Steta, yaani koili zinazoizunguka rota, toa nati zake, ivute kutoka kwenye stadi na uiweke kando bila kukata waya. Rota ivute, weka ufunguo wake mdogo mahali ambapo hautapotea. Rota ni sumaku, kwa hiyo usiilaze mezani penye vumbi la chuma.

Cheni ya praimari haina kiungo cha kufungua. Maana yake sproketi ya injini, cheni na klachi nzima lazima vitoke kwa pamoja. Zungusha pula ndani ya senta klachi mpaka nyuzi zake zote ziingie. Nasisitiza zote, kwa sababu nyuzi mbili tatu zikibeba mzigo peke yake zitang'oka na senta klachi yako imekwisha. Kaza bolti ya katikati, gonga kichwa chake mara moja kwa nyundo, kaza tena. Itaachia kwa mlio mkubwa. Usishtuke. Hapo vuta vyote pamoja, na mkono mwingine kinga chini, maana roli zinaweza kumwagika.

Kukagua, sehemu isiyotakiwa kuharakishwa

Hausingi iweke kwenye mwanga. Kwenye kuta za mifereji yake, pale masikio ya pleti yanapogonga, utaona alama. Pitisha ukucha. Kama unateleza bila kunasa, iko sawa. Kama unanasa kidogo, nyoosha ukuta kwa tupa laini, ukipima mara kwa mara na pleti mpya ikipanda na kushuka ndani ya mfereji. Kama alama zimechimbika karibu nusu milimita, acha tupa, nunua hausingi nyingine. Ukichonga sana, mfereji unakuwa mpana, masikio ya pleti yanapata nafasi ya kugonga, na mwaka haujaisha mashimo yamerudi. Pleti inayonasa kwenye kijishimo haiachii hata springi ziwe laini namna gani, na hii ndiyo sababu kubwa ya lile gia la kwanza lenye kishindo.

Pleti za chuma tupu, hata zikiwa mpya, zilaze moja moja juu ya kioo kinene. Bonyeza ukingoni kwa kidole huku na huku. Ikicheza, imepinda. Nimeshakuta iliyopinda ndani ya pakiti ambayo haijafunguliwa, kwa hiyo usiiamini pakiti.

Springi tatu zisimamishe pamoja juu ya kioo hichohicho na uweke rula juu yake. Zilingane urefu. Moja ikiwa fupi, seti yote irudi dukani.

Fungua senta klachi, upige picha kwanza. Ndani kuna raba kubwa 3 na ndogo 3. Kubwa zinapokea nguvu ya injini inapovuta, ndogo zinapokea kurudi nyuma unapoachia mafuta. Za zamani zitakuwa ngumu au zimetafunika. Mpya zinaingia kwa shida. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usitumie grisi. Weka raba kubwa zote kwanza, kisha zungusha ule mhimili wa ndani kwa nguvu ili kufungua nafasi ya ndogo. Hapa kile kifaa cha pleti kinakufaa tena: kibane kwenye jiliwa, weka senta klachi juu yake, na mhimili uzungushe kwa kipande cha shafti ya zamani chenye mkono mrefu. Skrubu za kifuniko chake zipake gundi ya nyuzi.

Roli ziko 20. Kipenyo chake ni robo inchi, lakini urefu wake hupungua kidogo, karibu milimita 6. Zinauzwa pia roli za robo inchi kwa robo inchi, zinafanana kwa macho, na zikiingia zitabana hausingi isizunguke huru. Pima kabla ya kufunga. Zipange kwa grisi kidogo ili zisidondoke, vaa hausingi juu yake, kisha izungushe na kuitikisa. Izunguke kimya, na kuyumba kwake kuwe kwa chembe tu.

Kwa kuwa klachi iko nje, nyuma yake kuna sahani ya mviringo yenye skrubu 6 na sili ya oili katikati. Badilisha sili hiyo leo. Kuirudia kazi hii yote kwa ajili ya sili ya bei ndogo ni uchungu.

Kurudisha

Sehemu ya shafti inayochongoka na tundu la senta klachi vifutwe vikauke kabisa, bila oili wala grisi, kwa sababu ushikaji wa hapo ni wa chuma kwa chuma. Ufunguo mdogo kazi yake ni kuelekeza tu. Rudisha sproketi ya injini, cheni na klachi pamoja. Sproketi ya injini ina meno 29 na ya klachi meno 58, kwa hiyo klachi inazunguka nusu ya mwendo wa kranki. Kaza nati ya klachi kwa futipaundi 50, sawa na nyutonmita 68 hivi, na ya rota kwa futipaundi 30, kama nyutonmita 41. Kunja washa.

Steta ikirudi, angalia mwanya kati yake na rota pande zote. Unatakiwa usipungue sehemu 8 kati ya elfu moja za inchi, yaani milimita 0.2. Tumia kipande cha plastiki chenye unene huo, maana geji ya chuma inavutwa na sumaku na kukudanganya. Rota ikigusa steta, utapoteza chaji na zote mbili.

Kaza cheni kwa kirekebishio kinachofikiwa kupitia tundu la kumwagia oili. Izungushe taratibu, tafuta mahali ilipokaza zaidi, na hapo iache ichezecheze karibu nusu inchi.

Pleti mpya zenye bitana zipake oili nyembamba. Ya kwanza kuingia ni yenye bitana, kisha chuma tupu, na kuendelea hivyo hadi chuma tupu ya mwisho inayokutana na presha pleti. Seti nyingine zina mpangilio wake, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Rudisha pushirodi ikiwa imepakwa grisi ncha zote mbili, weka presha pleti, vikombe, springi, na nati. Kaza kila nati mpaka ncha ya stadi isawazike na uso wa nati. Hapo ni pa kuanzia tu.

Sasa kazi yenyewe. Vuta leva, msaidizi apige kiki kwa mkono, tazama ukingo wa presha pleti dhidi ya kitu kilichotulia. Mimi hushikilia ncha ya penseli karibu nao. Upande unaoinuka zaidi ndio wenye springi iliyo legevu kuliko wenzake. Kaza nati ya hapo nusu mzunguko, au legeza zilizo upande wa pili, kisha tazama tena. Rudia, usichoke. Ukiona ukingo unazunguka na mwanya wa penseli haubadiliki, umefika. Kisha achia leva na upige kiki kwa mguu: klachi isiteleze. Ikiteleza, kaza zote tatu nusu mzunguko sawasawa, uhakiki tena kuyumba. Kwa pleti 7 mara nyingi utajikuta unalegeza badala ya kukaza, na hapo ndipo leva inapokuwa laini.

Halafu rekebisha pushirodi. Legeza kebo kabisa. Katikati ya presha pleti kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Izungushe ndani mpaka iguse pushirodi, irudishe nusu mzunguko, funga nati. Kisha kaza kebo mpaka leva ibaki na uhuru wa milimita 3 hivi. Ukibadilisha mpangilio huu ukaanza na kebo, zile gololi 3 za kuinua zitaanza safari yake mahali pabaya na hutapata mwinuko wote.

Leva nayo ipime: kutoka kitovu cha pini yake hadi kitovu cha nipo (kichwa kidogo cha mwisho) ya kebo. Zipo za inchi 7/8, zipo za inchi 1 na 1/16. Ya 7/8 ni nyepesi zaidi mkononi, ila inavuta kebo umbali mfupi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayodai presha pleti iliyonyooka. Kebo ipitishe kwa mikunjo mipana, isibanwe chini ya tangi, na geuza usukani pande zote mbili uone haivutiki.

Funika, mimina oili. Kwa modeli za mpaka 1969 kasha linachukua mililita 350. Chagua oili nyepesi isiyo na viungo vya kupunguza msuguano. Oili nyingi za magari za siku hizi zinavyo, na hizo ndizo zinazoteleza klachi. Mimi hutumia oili ya giaboksi za otomatiki, na pleti zinaachana vizuri hata kwenye baridi ya Januari. Kwa modeli za 1970 na kuendelea usiiweke kabisa, kwa sababu itachanganyika na ya injini. Huko weka oili ya pikipiki inayofaa injini hiyo.

Asubuhi ya baridi, kabla ya kuwasha, vuta leva na ukanyage kiki mara mbili tatu ili pleti zilizogandana kwa oili ziachane. Hata klachi iliyofungwa vizuri kabisa inahitaji hilo. Safari za mwanzo usiisugue kwenye foleni ndefu, iache ikalie. Baada ya maili mia chache mwaga oili hiyo, itakuwa na weusi wa bitana mpya, weka nyingine, na upime tena ule uhuru wa milimita 3 kwenye leva. Kebo mpya hunyooka, na pleti zikishakaa, uhuru wa pushirodi hupungua.